Nilitaka chenso ya CC 90, nikarudi na ya CC 59

Kwa muda mrefu nimekuwa na chenso (msumeno wa injini) ndogo, CC 32, yaani ujazo wa silinda ya injini, na baa, ule upanga unaozungukwa na cheni, ya inchi 14, ile saizi ambayo wengi tunaanzia kwa sababu nyepesi na haitishi. Kwa matawi na kuni haina neno kabisa. Shida ilikuja siku nilipoipeleka kwenye gogo la mkaratusi mkavu, nene kuliko baa yenyewe, ikabidi nikate upande huu halafu nizunguke nikate upande wa pili, mikato miwili haikutani, mmoja umepanda mwingine umeshuka, katikati kimebaki kipande kinachoshikilia gogo zima, mara gogo likakaa likaibana baa. Nikazima mashine. Ikawa inaning'inia pale kwenye mti na mimi nimeshika kiuno naiangalia.

Usiku ule nikaamua, nanunua CC 90 yamalizike.

Kabla sijaenda popote nikamsimulia fundi mmoja mzee wa hizi kazi nikitegemea aniunge mkono, yeye akaomba tu nimletee mashine. Hakuiwasha. Aliishika cheni akaigeuzageuza juani, akaniambia angalia ncha ya jino, unaona kamstari keupe? Jino kali halina kitu cha kung'aa pale kwenye makali, likishakuwa butu ule ukingo unapata ubapa na ubapa unarudisha mwanga. Yangu yote yalikuwa yananimulika. Halafu akaniwekea jino la kushoto na la kulia sambamba, la kushoto refu, la kulia nimelila na tupa mpaka limebaki fupi, maana upande ule ndio mkono wangu una nguvu. Kumbe ndiyo sababu mikato yangu ilikuwa inapinda kama inafuata njia ya ng'ombe! Hii mambo ya kushoto kulia ina historia nzuri, Joe Cox, mkata miti wa Marekani, aliona funza wa mdudu anayekula mti anavyotafuna kushoto na kulia, akatengeneza cheni ya namna hiyo mwaka 1947, na cheni tunazotumia leo bado zimetokana na wazo lile. Sasa funza hanoi upande mmoja tu, mimi ndiye nanoa hivyo.

Basi akakaa na tupa ya milimita 4, pembe ya nyuzi 30, anasukuma mbele tu, akirudi anainyanyua, idadi ileile ya misukumo kila jino. Akamalizia na vile vinundu vilivyo mbele ya meno, vinavyoamua jino liume mti kiasi gani, vinatakiwa vikae chini ya ncha ya jino kwa kama milimita 0.65 na mimi sikuwahi kuvigusa tangu ninunue. Mashine ilipowashwa ilitema maranda, sio ule unga niliouzoea. Nikaona aibu kidogo.

Lakini sikuacha kutaka kubwa, na hapa niseme ukweli maana wengi wataishia kusema "noa cheni basi". Hata ikiwa kali, nikiizamisha baa yote kwenye mti mgumu resi zinashuka, inanguruma kwa uchungu, napunguza mkono, inapanda tena, nakandamiza, inashuka. Ukiweka baa ndefu kwenye injini ndogo unaongeza tu idadi ya meno yaliyo ndani ya mti kwa wakati mmoja na nguvu ya kuyavuta hakuna. Kazi yangu imebadilika, magogo yamekuwa manene, hapo hakuna tupa itakayosaidia.

Nikaanza kusoma namba. Kosa langu la kwanza, nilikuwa nalinganisha CC peke yake. Chenso ya Husqvarna 450 ina CC 50.2 inatoa kilowati 2.4, Stihl MS 261 ina CC 50.2 vilevile ila inatoa kilowati 3.0. Silinda saizi moja, nguvu tofauti kabisa, kwa sababu moja imelengwa kwa mtu wa nyumbani na nyingine kwa mtu anayeshinda msituni, na bei nayo inafuata hukohuko. Kwa hiyo ukienda dukani ukaambiwa "hii ni CC kubwa boss" uliza kilowati, au hosipawa, kilowati moja ni kama hosipawa 1.34.

Halafu uzito. Jamani uzito. Stihl MS 661 ni CC 91.1, kilowati 5.4, hiyo ndiyo nilikuwa naiota, kilo 7.4 kwenye karatasi. Kilo hizo ni za mashine tupu, bila baa, bila cheni, bila mafuta. Niliinyanyua ikiwa na baa ya inchi 25, nikainama kama nakata gogo lililolala, nikahesabu moja mpaka thelathini kimoyomoyo. Nilifika kumi na nane mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka na hapo haijawashwa hata. Muuzaji anatabasamu ananiambia utazoea. Labda. Ila mimi nakata kama siku mbili kwa wiki, sio kila siku, na mti wenye unene wa kuhitaji baa ya inchi 25 nakutana nao kwa nadra sana, sasa nibebe kilo zote hizo kwa ajili ya mti mmoja ambao nikimwita mwenzangu mwenye mashine kubwa unakwisha asubuhi moja?

Nikashuka mpaka MS 462, CC 72.2, kilowati 4.4, kilo 6.0, na hii nakiri iliniumiza roho, kwa nguvu yake ni nyepesi ajabu. Bei ikanirudisha chini. Nikatua kwenye MS 362, CC 59, kilowati 3.5, kilo tano na nusu hivi, nikafunga baa ya inchi 20. Husqvarna 560 XP iko ligi hiyohiyo, hapo mimi niliangalia tu nani yuko karibu mwenye spea na fundi wa kabureta, basi. Kutoka kwenye mashine yangu ya zamani yenye kilowati 1.5 nguvu imezidi mara mbili na kitu, na mkono unaihisi mara ya kwanza unapobonyeza resi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ukibadilisha mashine unabadilisha na vikorokoro vyote. Cheni ya zamani haivai kwenye mpya. Ukitaka kujua pichi ya cheni yako, yaani nafasi ya viungo vyake, pima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana, vile vipini vinavyoshikanisha viungo, gawa kwa mbili, halafu na unene wa vile vijino vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa baa, yangu sasa ni pichi ya inchi 3/8, unene milimita 1.6. Baa, sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) na cheni lazima vikubaliane, kimoja kikikataa cheni inakula sproketi au inaruka tu. Mafuta nayo, mchanganyiko ni 50 kwa 1, mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa lita moja ya petroli, usikisie kwa kifuniko cha chupa kama nilivyokuwa nafanya. Oili ikipungua pistoni inakwaruza silinda na mashine inanoki, na silinda ya mashine hii sio bei ya silinda ya ile ndogo.

Na imenitia adabu pia. Wiki ya kwanza ncha ya baa iligusa tawi nililokuwa sijaliona nyuma ya gogo, ile robo ya juu ya ncha ndiyo mbaya, baa ikaruka kuja usoni kwangu haraka kuliko nilivyoweza kufikiri. Breki ikapiga, cheni ikasimama. Ile ndogo ilikuwa ikifanya hivyo naizuia kwa mkono tu nacheka. Hii sikuizuia mimi, imezuiliwa na kile kipande cha plastiki mbele ya mkono, kwa hiyo siku hizi nikiwasha tu naijaribu breki kwanza, kofia yenye wavu nimenunua, na suruali ya kujikinga pia ingawa joto lake silipendi.

Ile ndogo sijaiuza, ndiyo inayokata matawi, kubwa inabaki kwenye shina. Tatizo pekee ni tupa, moja milimita 4 nyingine 5.2, kwa macho yangu zinafanana, na jana nimeshtuka nimeshanoa meno matano ya cheni mpya kwa tupa ya ile ndogo. Nimezifunga utepe, nyekundu ya kubwa, nyeusi ya ndogo. Hayo meno matano kesho nayarudia.