Uani kwangu ni futi 6 kwa 30, na sofa imeshindwa

Jamani nianze na vipimo kwanza maana vipimo ndo vilivyonikomesha. Uani kwetu, kutoka ukuta wa jikoni mpaka ukuta wa fensi ni futi 6. Urefu ni futi 30 na ushee. Yaani korido. Ukisimama mlango wa jikoni ukaangalia kule mwisho kwenye tanki la maji unaona kama uko kwenye behewa la treni.

Tulijitakia wenyewe. Wakati tunajenga huku Kinyerezi, Dar, kila aliyepita saiti alikuwa anasema sogezeni nyumba nyuma, mbele mpate pa kupaki gari, basi tukasogeza, tukasogeza, mpaka nyuma ikabaki hicho kichochoro, na gari lenyewe mpaka leo hatuna. Mbele kuna uwanja mzuri tu ila hakukaliki, vumbi la barabarani na kila apitae anakusalimia anachungulia sahani yako. Maisha yetu yote yako uani. Kufua uani, kusukana uani, jiko la mkaa uani, mchele unachaguliwa uani, hata ugomvi wetu na mume wangu huwa tunaenda kumalizia uani ili watoto wasisikie.

Kwahiyo mwaka jana nilivyopata vihela vya mchezo nikasema sasa nanunua fenicha za nje, na mimi nikae kama watu. Nimezunguka mitandaoni wiki mbili, nimesevu mapicha mpaka simu ikawa inalia memori imejaa. Nikaangukia seti moja ya ile plastiki iliyosukwa kama ukindu, sofa ya L ya rangi ya kijivu, mito mieupe (mieupe jamani, na nina watoto watatu), na meza ya kioo katikati. Kwenye picha imewekwa kwenye baraza la nani sijui, pana kama ukumbi wa harusi. Sikujiuliza.

Ilivyofika tukaishusha, na ndo nikachukua futi kamba kwa mara ya kwanza. Kina cha sofa inchi 33. Meza inchi 20. Uani wangu una inchi 72. Fanya mwenyewe hiyo hesabu: zinabaki 19 za kupita. Inchi 19 mtu mzima unapita, sikatai, ila unapita ubavu kama kaa na umevuta pumzi. Ukiwa na ndoo haupiti. Ukiwa na beseni la nguo ndo usahau kabisa.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Tanga wiki hiyohiyo. Asubuhi nimeamka nimemkuta kasimama mlangoni kwa jikoni na beseni lake kiunoni anaangalia. Shikamoo mama. Marahaba. Kimya. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Naima, hii mmeweka ya kukalia au ya kuzuia wezi?"

Aliyeniuzia aligoma kuirudisha, akasema bidhaa ikishatoka dukani imetoka. Sawa. Nilikaa nayo miezi minne, masika ikaikuta palepale, ile mito ikanyonya maji ikawa mizito kama magunia ya viazi na harufu juu. Mwisho nikaiuza kwa hasara kwa dada mmoja wa Goba ana veranda kubwa, na alivyonitumia picha imekaa kwake ilipendeza mpaka nikanuna.

Baada ya hapo tukarudi kwenye viti vya plastiki. Sasa kiti cha plastiki kwenye uwanja mwembamba kina shida yake, inabidi uvipange mstari mmoja ukutani maana ukiviweka vinaangaliana magoti yanagongana, na ukivipanga mstari mkakaa watu sita mnafanana na wagonjwa wanaosubiri kuitwa majina. Wa mwanzo akitaka kuongea na wa mwisho anapiga kelele. Wa katikati anageuza shingo kushoto kulia kama anaangalia tenisi.

Ila kuna kitu nikaja kukigundua, na hiki ndo kilichobadilisha kila kitu. Watu wakija kwetu hawakai kwenye viti! Wifi yangu kila akija anaviacha viti vimepangwa, anaenda kukaa kwenye ukingo wa msingi pale pembeni ya mlango wa jikoni, simenti tupu, imelika, mgongo kaegemeza ukutani, miguu kainyoosha. Jirani hivohivo. Watoto wao ndo usiseme. Nikaanza kuwachunguza. Nikaona mtu anataka ukuta mgongoni, mbele yake kuwe wazi, na asiwe na haja ya kusogea kila mtu anapopita. Kiti kinasogezwa, "samahani pisha kidogo," kinasogezwa tena. Ule ukingo hausogezwi.

Na mimi mwenyewe nikajikumbuka Zanzibar kwa shangazi, Mji Mkongwe, nilivyokuwa naenda likizo. Zile njia za kule ni nyembamba kuliko hata uani kwangu, kuna sehemu ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili, na bado watu wamekaa nje miaka na miaka. Wamekaaje? Baraza. Benchi la mawe limejengwa limeshikana na ukuta wa nyumba, refu, jembamba, halimzuii mtu. Ukienda pale Jaws Corner, Soko Muhogo, jioni wazee wamejaa na kahawa, wengine wanacheza bao, vespa zinapita katikati na hakuna anayenyanyuka. Mvua kubwa ikinyesha njia zikajaa maji watu wanapita juu ya mabaraza yenyewe, wanaruka moja baada ya jingine. Kwahiyo wenzetu walishamaliza huu mtihani zamani sana, mimi nahangaika na sofa ya L.

Nikasema basi, nataka baraza langu.

Kwanza nikafikiria la mbao. Nikaenda Keko, nimezunguka kwa maseremala siku nzima, vumbi la randa mpaka kwenye nyusi. Kijana mmoja akanipangia mbao kama anauza vitenge: dada mninga huu hapa, unadumu, rangi yenyewe haina haja ya kupaka kitu, nikasikia bei nikaurudisha kwa heshima zote. Mkongo nao mgumu, mzito, unafaa nje, bei nayo imesimama. Paini rahisi, ila paini ya kukaa nje bila dawa mchwa wa Kinyerezi wanaimaliza kabla ya Idi. Akaniambia nipake oili chafu kwenye miguu. Mchwa hawaipendi oili chafu, ni kweli, ila na nguo nyeupe haiipendi, na mimi uani kwangu ndo kwenye shuka za kuanika. Mtiki ndo ulinivutia, ule wa mashamba ya serikali kule Longuza, Muheza, una mafuta yake ya asili, maji hayauhangaishi sana. Ila benchi la futi 10 la mtiki kwa mfuko wangu, hapana. Nikamwagiza stuli tatu tu za mtiki, futi moja na ushee kwa futi moja na ushee, ambazo zinatumika kama kiti na kama kimeza.

Baraza lenyewe nikaamua tofali na simenti.

Kabla fundi hajaja nilifanya kitu ambacho ningekifanya kabla ya sofa ningeokoa hela yangu. Nilichukua chaki ya Naima nikachora sakafuni, inchi 18 kutoka ukutani, mstari mrefu, halafu nikajaza ndoo mbili maji nikapita nazo kwenda na kurudi. Zinabaki inchi 54. Nikapita tena na beseni. Nikamuita mume wangu akae chini kwenye ile michoro amenyoosha miguu halafu nikapita na ndoo, akalalamika lakini nilipita. Hapo ndo nikajua inaingia.

Na upande gani? Nilitaka kuliweka kwenye ukuta wa fensi, ukikaa unaangalia nyumba. Mama mkwe ndo akasema angalia maji yanapodondokea. Bati letu limetoka nje kama futi 2 hivi, na hatuna gata, kwahiyo mvua ikinyesha kuna mstari kabisa sakafuni umechimbika. Upande wa nyumba uko ndani ya huo mstari, upande wa fensi uko nje. Basi nyumba. Hasara yake ni kwamba huo ukuta unaangalia magharibi, saa nane mchana unapigwa jua lote, na ukuta wa tofali ukishashika joto hauliachi, mpaka jua linazama ukiegemea unaunguza mgongo taratibu kama umepakwa viksi. Tumepaka chokaa nyeupe imesaidia kidogo. Kidogo tu.

Fundi akaja na msaidizi wake. Miguu ya baraza ni tofali za inchi 6, kila mguu tofali mbili. Ya chini inasimama, hiyo ni inchi 9, ya juu inalazwa, inchi 6, halafu juu slabu nyembamba ya inchi 2 yenye nondo, ukijumlisha na simenti ya kuunganishia inakuja kwenye 18 kasoro, mtu mzima anakaa miguu inafika chini na mama mkwe ananyanyuka bila kuvutwa mkono. Mguu mmoja kila baada ya futi 2. Chini kunabaki wazi na hapo ndo nimepapenda, ndala zote zimehamia huko, mfuko wa mkaa, mbuzi ya nazi, kinu. Juu akapiga niru, ule uji wa simenti wa kulainishia. Nilimng'ang'ania aweke mwinamo kidogo kuja mbele maji yasitulie, akaniambia dada mi najua kazi yangu, akaweka kama ameshanielewa, nilivyomwaga kikombe cha maji yakaenda ukutani. Akarudia. Hakufurahi.

Sasa sikia. Mimi nimeingia ndani kuwapikia chai, natoka nakuta wameshapanga tofali juu ya chemba ya choo. Juu ya mfuniko wa chemba! Nikapiga ukelele. Fundi ananiambia kwa utulivu, "Lakini mama ingependeza ikiwa moja ndefu." Ingependeza sana, siku choo kimeziba inabidi tubomoe baraza na wageni wakiwa juu yake. Kwahiyo baraza langu sio moja, ni mbili, kuna la futi 10 kuelekea mwisho na kadogo ka futi 4 karibu na jikoni, katikati kuna uwazi wa chemba ambao watoto wameshauwekea ubao wanauita daraja.

Ile shida ya kupangana kama wagonjwa tuliitatua kwa kona. Kule mwisho ambako hakuna anayepita, baraza limekata kona futi 3 kwenye ukuta wa mwisho. Nilimuomba fundi hiyo futi 3 kama nyongeza tu, nikijua pengine itakuwa ya kuwekea maua, na ndo imekuwa sehemu inayogombaniwa kuliko zote, maana wawili wanakaa kwenye kona, wanne kwenye mstari, mmoja kwenye stuli mbele, mnaonana nyuso. Umbea unaenda vizuri sana.

Meza nimemalizia kwa fundi wa kuchomelea. Ubao wa futi 4 kwa inchi 16, umefungwa bawaba kwenye ukuta wa fensi, chini una mikono miwili ya skweapaipu (bomba la chuma la pembe nne) inayokunjuka, unainua unatumia, ukimaliza unashusha unalala ukutani. Hata ukiwa umeinuliwa zinabaki inchi 38 katikati. Nilikuwa nimepanga iwe ya kulia chakula, kiukweli hakuna anayekula pale, ni ya kukatia vitunguu na siku za Idi ya kupangia masufuria. Rangi ya kuzuia kutu apake kabla ya rangi ya juu, msimamie, yangu alipaka juujuu na kwenye maungio pameshaanza kuwa pekundu.

Kamba za nguo zimebaki palepale upande wa fensi, kwahiyo siku ya kufua ukikaa barazani unaangaliana na shuka, na mume wangu anasema ni kama kukaa sinema ambayo haijaanza. Niliahidi kuzihamisha. Sijazihamisha.

Kilichobaki ni mito. Simenti ni simenti, saa moja makalio yanakukumbusha, kwahiyo nimenunua sponji ya inchi 2 tu, nyembamba, mtu aikunje aiingize ndani mawingu yakijikusanya, na foronya za kitenge za zipu. Leza, ile ya mfano wa ngozi, nimeikataa, jua linaipasua na ukikaa umevaa dera inakushika mapaja. Sponji na vitenge viko kwa fundi cherehani, aliniambia nifuate Jumanne. Nimeenda Jumanne tatu sasa.