Kikinga jua kinacholegea katika magari ya zamani

Anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi alasiri ya mwezi wa sita au wa saba huendesha karibu safari nzima uso wake ukiwa umeelekea jua. Barabara ya Taifa namba 1 inakwenda kaskazini-magharibi, na katika miezi hiyo ya kiangazi jua la kwetu huzama likiwa limeegemea kaskazini mwa magharibi, kwa hiyo kadiri saa kumi na moja inavyokaribia ndivyo mwanga unavyoshuka na kupenya chini ya ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Wingu la kulifunika halipo, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hutawanya miale juu ya kioo, na malori yanayotoka upande wa Kolwezi huonekana vivuli tu mpaka yawe karibu. Hapo ndipo dereva hunyoosha mkono, akashusha kile kibao cha juu ya kioo ambacho katika garaji zetu huitwa pare-soleil, nacho kikaanguka mpaka usawa wa pua yake na kumziba barabara badala ya kumziba jua.

Ubovu huu hudharauliwa kwa sababu hauzimi gari. Magari mengi tunayoendesha mjini, ziwe Corolla, Ipsum, IST au Hiace za abiria, yalikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia, na mwenye gari la umri huo huwa na mambo makubwa ya kuhangaikia kwanza: injini, breki, shokamzoba. Kikinga jua hubaki kikifungwa kwa mpira, kikibanwa kwa kibanio cha nguo, au kikiachwa kining'inie. Maoni yangu ni kwamba karibu kila kikinga jua kinacholegea kinaweza kutengenezwa vizuri na kwa gharama ndogo, mradi mtu aanze kwa kujua ni kipande gani kilichochoka, maana dalili ni moja lakini sababu ni tatu au nne.

Ndani ya kifaa hiki hamna mambo mengi. Kuna ufito wa chuma uliokunjwa pembe: mkono wake mmoja unaingia katika kitako kilichofungwa kwa skrubu kwenye dari, na mkono wa pili unalala ndani ya ukingo wa juu wa kibao. Humo ndani ufito unakumbatiwa na kibano cha chuma cha springi, na kibano chenyewe kimekaa katika kijumba cha plastiki kilichoumbwa pamoja na ganda la kibao. Ufito huo si mviringo kamili. Katika magari mengi sehemu yake imesawazishwa kwa makusudi, na kibano kinapofika kwenye ubapa huo hujibana, ndiyo maana kikinga jua kizima kikikaribia dari hujivuta chenyewe hatua ya mwisho na kutulia. Upande wa kioo cha kutazamia nyuma kuna kipini kinachochomekwa katika ndoano ndogo, lakini ndoano hiyo husaidia kubeba uzito tu. Kinachokizuia kibao kisizunguke na kuanguka ni msuguano wa kibano juu ya ufito, wala si kitu kingine.

Kwa sababu hiyo mafuta ni adui. Nimesikia mteja akimwambia fundi, «Weka tone la mafuta, fundi, kitakuwa sawa,» na fundi akamjibu kwa upole, «Papa, kikilainika zaidi ya hapa kitakulalia usoni.» Fundi alikuwa na haki kabisa. Kikinga jua kinachokwaruza au kulia kinaweza kuvumilia chembe ya grisi ya silikoni kwenye ufito, lakini kinacholegea kinahitaji kukaushwa, na ufito wake upanguswe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya jambo lolote jingine.

Kibano huchoka, lakini kwa kadiri nilivyoona, kijumba cha plastiki ndicho hutangulia. Gari lililofungwa na kuegeshwa juani hupata joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa urahisi, na kibao hiki kiko sentimita chache tu kutoka kwenye kioo. Halafu huja usiku wa Julai, ule wa kuomba blanketi la pili, na plastiki ileile iliyopikwa mchana hupoa na kusinyaa. Baada ya miaka mingi ya kutanuka na kusinyaa huwa kavu, na siku moja hupasuka kandokando ya kibano. Kuanzia hapo kibano kinaendelea kuukumbatia ufito barabara, ila chenyewe kinazunguka ndani ya kijumba, na kibao hakina tena kinachokishika.

Kutofautisha hali hizi hakuhitaji chombo. Shika kitako cha darini kwa vidole vya mkono mmoja, kisha uzungushe kibao taratibu kwa mkono mwingine. Kitako chenyewe kikicheza, shida ni skrubu za darini. Kitako kikitulia na kibao kikazunguka laini bila ukinzani wowote, kibano kimechoka au ufito umelika. Ukisikia mgongano au mkwaruzo ndani, au ukiona mshono wa ganda umeachana karibu na ufito, basi kijumba kimepasuka. Na ikiwa kibao kinashika vizuri ila kitambaa chake kimevimba na kushuka, hiyo ni kazi ya sponji na gundi, ambayo ni nyepesi kuliko zote.

Skrubu za darini huwa mbili au tatu. Magari ya Kijapani kwa kawaida hutaka bisibisi ya msalaba, na ya Ulaya mara nyingi hutaka ile ya nyota yenye ncha sita. Tundu likiwa limelika, watu hukimbilia skrubu ndefu zaidi, na hilo silikubali hata kidogo: skrubu ndefu inaweza kugusa bati la paa kwa ndani au kutoboa waya, na magari yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya 2000 mengine yana mifuko ya hewa iliyofichwa kwenye ukingo wa dari. Tumia skrubu ya urefu uleule iliyo nene kidogo. Na ikiwa kikinga jua kina kioo chenye taa, nyaya zake hupita ndani ya ufito au kando yake. Ondoa kwanza waya hasi wa betri, kisha uchomoe kiunganishi polepole kabla ya kukishusha kibao.

Kufungua ganda ndiyo sehemu inayotaka subira. Nusu mbili za plastiki zimebanana au kuunganishwa kwa joto kiwandani, na kitambaa kimeingizwa katikati ya mshono. Pasha mshono kwa mashine ya kukaushia nywele siku ambayo umeme upo, au uanike kibao juani kwa muda mpaka kiwe vuguvugu, kisha upitishe kisu chembamba kisicho kikali sana. Anza mbali kidogo na ufito, na usifungue zaidi ya inavyohitajika. Sentimita kumi au kumi na tano kuzunguka kibano zinatosha, na mshono mwingine wote ubaki ulivyotoka kiwandani. Vikinga jua vya zamani zaidi, vyenye fremu ya waya na sponji ndani ya ngozi bandia, havina ganda la kupanua. Hivyo hukatwa kwenye mshono wa upande unaotazama dari vikiwa vimekunjwa, ili ushonaji utakaofuata usionekane.

Kabla ya kufikia chupa ya gundi, tazama ndani ya ganda. Watengenezaji wengi huchapa humo herufi za aina ya plastiki. Ukikuta ABS, una bahati: gundi ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili hushika sana, na hata vipande vya ABS vilivyoyeyushwa kwa asetoni hutoa uji mzito unaoziba nyufa na kuwa mwili mmoja na ganda. Ukikuta PP, yaani polipropileni, gundi karibu zote zitaonekana kushika leo na kubanduka baada ya muda mfupi, kwa sababu uso wa plastiki hiyo haupokei gundi. Hapo shikilio lazima liwe la chuma. Hukatwa ukanda mwembamba wa bati la alumini, ukazungushwa kijumba pamoja na kibano chake, kisha ukafungwa kwa riveti ndogo au kwa waya laini uliopitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Kazi hii haina uzuri wa kutazama, lakini ganda likifungwa hakuna atakayeiona, na binafsi naiamini kuliko epoksi hata kwenye ABS. Nikiweza huweka vyote viwili. Gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme haifai kabisa mahali hapa, kwani joto la gari peke yake latosha kuilainisha, na gundi ya tone moja inayokauka papo hapo hupasuka kwa mitikisiko ya barabara. Epoksi nayo, hata ile inayodaiwa kukauka kwa dakika tano, iachwe siku nzima kabla ya kubebeshwa mzigo.

Ikiwa kijumba ni kizima na kibano ndicho kimelegea, kitoe na ukibane kidogo kwa koleo, kidogo sana, kisha ujaribu, kisha tena. Chuma cha springi hakipindiki kama waya wa kawaida. Kikizidishiwa huvunjika, na kibano peke yake hakiuzwi popote ninapopajua mjini. Kama ufito wenyewe ndio umelika, unaweza kuuvika ule mpira wa kusinyaa kwa joto ambao mafundi umeme hufunikia maungio ya nyaya. Hunenepesha ufito kiasi cha kutosha na hustahimili joto, ingawa utapoteza sehemu ya ule mvuto wa hatua ya mwisho, kwa kuwa ubapa wa ufito umefunikwa. Kipande cha mpira wa baiskeli, ambacho wengi hukipendekeza, hulainika na kunata msimu wa joto wa Oktoba, kikaacha uchafu mweusi usiotoka. Wapo pia wanaogundisha kibano na ufito moja kwa moja ili kibao kisianguke tena. Kweli hakitaanguka, lakini hakitashuka pia, na atakayekivuta kwa nguvu ataking'oa pamoja na kitako.

Kuhusu kitambaa nitasema machache. Sponji ya zamani huwa imegeuka unga wa kunata. Isipokwanguliwa yote, gundi mpya itashika unga badala ya plastiki. Gundi iwe ile inayostahimili joto, ipakwe pande zote mbili na kusubiriwa mpaka isishike kidole, ndipo kitambaa kilazwe kuanzia katikati kwenda pembeni. Mishono ni bora kumpelekea fundi wa kushona viti vya gari, ambaye ana sindano ya kupinda na mkono uliozoea.

Jambo linalovichosha vikinga jua vyetu mapema kuliko umri wao ni karatasi. Nyuma ya kibao cha dereva hukaa kadi ya waridi (hati ya usajili wa gari), bima, vinyeti (stika ya kodi ya barabara), karatasi ya ukaguzi wa gari, risiti za njiani, na wakati mwingine noti zilizokunjwa kwa ajili ya mazungumzo ya barabarani ambayo kila dereva wa Lubumbashi anayafahamu. Sababu inaeleweka, kwani mtu akisimamishwa anataka kunyoosha mkono mara moja tu. Lakini mzigo huo wote unaning'inia kwenye kibano kile kile kidogo, na kila shimo la barabara linauzidisha. Bahasha hiyo ikikaa katika mfuko wa mlango, polisi atangoja sekunde tatu zaidi.

Ikiwa ganda limevunjika kiasi cha kutotengenezeka, hutafutwa kilichokwisha kutumika, na hapa kuna mtego. Kikinga jua cha kushoto na cha kulia havibadilishani, kwa sababu pembe ya ufito na mahali pa kipini hugeuka, na mjini kwetu gari la aina ileile linaweza kuwa na usukani kushoto au kulia. Nenda sokoni na kile kibovu mkononi, uvilinganishe. Kisha ushike kitako cha hicho unachouziwa, ukunjue kibao mpaka kilale sawa hewani, na ukitikise. Kikishuka hapo, utakuwa umenunua ugonjwa uleule.

Wenye usukani wa kulia wasikisahau kikinga jua cha abiria. Barabara ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, inashuka kusini ikiegemea kidogo mashariki, kwa hiyo anayekwenda mpakani asubuhi hupigwa na jua kutoka kushoto, na anayerudi jioni hupigwa kutoka kushoto vilevile. Mwenye usukani wa kushoto hukichomoa kikinga jua chake kwenye ndoano na kukigeuzia dirisha la pembeni. Mwenye usukani wa kulia hana njia hiyo, kwani dirisha linaloingiza jua liko upande wa abiria, na ni kile kibao cha pili ambacho lazima kigeuzwe na kubaki kilipogeuziwa. Mzunguko huo wa kwenda dirishani haushikwi na kibano cha ndani, unashikwa na kitako cha darini. Baadhi ya vitako vina skrubu ndogo ya kukazia, ambayo robo mzunguko mara nyingi huitosha. Visivyo nayo hufunguliwa, na chini ya ufito huwekwa wosha nyembamba ya plastiki ngumu kabla ya kurudishiwa skrubu zake.