Nilivyotafutishwa Kidole Gumba

Mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya kisiwani Mombasa, nilipewa adhabu ya kusafisha sanduku la mifupa lililolala kabatini mwa maabara miaka na miaka. (Siku hizi kukaa na mifupa kama ile bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa.) Kibandiko kilisema "Nyani". Nikaipanga mifupa ya viganja mezani: vidole vinne huku, vinne kule. Magumba hakuna. Mwalimu wa biolojia akaniangalia tu, nikajua nishahukumiwa. Nikafagia sakafu mara mbili, nikapekua hadi vumbi la sandukuni.

Aliyenihurumia ni msimamizi wa maabara, ambaye sote tulimwita ami. "Wacha ufagio. Pima kwanza."

Ukilinganisha mikono na miguu unajua ni mnyama gani, na hesabu yenyewe nyepesi. Jumlisha urefu wa mfupa wa mkono wa juu na wa kigasha, gawa kwa jumla ya fupapaja na muundi, zidisha kwa 100. Nyani hutembea sana chini kwa miguu minne, kwa hiyo mikono na miguu yake inakaribia kulingana: hupata kama 95. Sokwe, mpandaji na mning'iniaji, hupita 100. Sisi binadamu, miguu mirefu ya kutembelea, tuko kama 70.

Mimi nikapata 84. Hiyo ingekuwa karibu na tumbiri.

Ami akauchukua mfupa niliopima, akanionyesha pembe ya kiwiko iliyochomoza juu. Kigasha kina mifupa miwili, nami nilikuwa nimepima ule wa upande wa kidole cha mwisho. Pembe ile huurefusha mkono kwa uongo. Unaopimwa ni wa upande wa gumba. Nikarudia: milimita 148 na 146 kwa mikono, 194 na 178 kwa miguu. 79.

"Huyu si nyani, mwanangu. Huyu ni mbega."

Aliyewahi kuvuka kwa feri ya Likoni kwenda Diani, kusini mwa Mombasa, kawaona wakiruka mti hadi mti; miguu mirefu ndiyo inayowarusha. Na tawi wanalikamata kwa vidole vinne kama ndoano, gumba limebaki kinundu. Nikakimbilia rundo la vipande nilivyodhani ni vya kifundo cha mkono. Vijiti viwili vifupi vilikuwa humo: ndiyo mifupa ya gumba iliyobaki. Ami akalaza mfupa mmoja wa kidole mezani. Ulipinda kama ndizi changa, mwanga ukapita chini yake.

Nikamuuliza kama kupinda ni kwa kuzaliwa au kwa kuning'inia. Akasema tusiseme kimoja. Umbo la jumla hurithiwa, lakini mfupa unaokua husikiliza uzito. Fupapaja la mtoto mchanga wa binadamu limenyooka. Akianza kutembea, sehemu ya juu ya goti hupata pembe, magoti yakaja chini ya mwili. Mtoto asiyewahi kutembea haipati pembe hiyo. Akakunja kigasha chake cha kulia, akataja wanaocheza tenisi tangu utotoni: mfupa wa mkono wa raketi una kuta nene kuliko wa pili.

Mwalimu hakuniomba radhi. Ami alikwangua kibandiko kwa wembe, akaandika "Mbega", vijiti viwili akavitia kwenye kiberiti kitupu.