Wanyama wa Iago msiwakate

"Dada, hayo ya mbuzi na kondoo ni matusi tu, yakate," uliniandikia kuhusu Othello, tamthilia ya Shakespeare. Wifi kajifungua salama na Zuhura kahamia Morogoro, ila usiku ni hilo tu linalonirudia. Yakate.

Matusi ni matusi kweli. Othello inapoanza tu, Iago, ofisa wa Othello anayemchukia kisirisiri, yuko barabarani usiku, Venice, anampigia kelele Brabantio, baba wa Desdemona aliyeolewa na Othello kwa siri: sasa hivi kondoo dume mzee, mweusi, anampanda kondoo wako jike mweupe. Hatosheki; anamleta na farasi wa Barbary, ili mzee apate wajukuu wanaolia kama farasi. Ndoa imefanywa zizi, na rangi ya mtu imetiwa humo, kabla hatujamwona bwana harusi, jemadari Othello. Bwana harusi mwenyewe akisimama mbele ya Baraza la Venice, Sehemu ya 1 Onyesho la 3, anasema mke alimpenda kwa hatari alizopitia, naye akampenda kwa kumhurumia. Hakuna mnyama hapo. Kata zizi, na upole ule utapita bila mtu kuusikia.

Tatizo kubwa liko Sehemu ya 3 Onyesho la 3. Iago anamtia shaka juu ya mkewe, na Othello anaanza kwa kukana: heri awe mbuzi kuliko kuishi kwa dhana. Kisha Desdemona anakuwa kozi, ndege wa kuwindia, aliyenaswa porini akiwa mkubwa. Asipofugika atamwachia aende na upepo, hata kama kamba za ngozi za miguuni ni nyuzi za moyo wake. Bado kuna heshima, kozi ni ndege wa mabwana. Mistari michache tu baadaye, anataka kuwa chura wa shimoni. Ndipo Iago anapodondosha lake kuhusu Desdemona na Cassio, ofisa anayemsingizia kuwa hawara wake: huwezi kuwaona wakitenda, hata kama wana ashiki kama mbuzi, na moto kama tumbili.

Sehemu ya 4, Othello amempiga mkewe mbele ya Lodovico, mjumbe kutoka Venice, anatoka akipaza sauti: "Mbuzi na tumbili!" Hadhira isiyomsikia Iago itacheka hapo, na mwigizaji hana pa kushika. Kwa hiyo Iago ayaseme polepole, bila kupaza, na Othello aufuate mdundo uleule. Muda ukibana, kateni mchekeshaji wa Cyprus.

Nilikuwa nimekaa kubishana, mpaka nikafika Onyesho la 2 la Sehemu hiyo. Desdemona anasema anatumaini bwana wake anamwona mwaminifu. Ndiyo, anajibiwa, kama nzi wa kiangazi machinjioni, wanaozaliana papo kwa papo. Anauliza ametenda dhambi gani asiyoijua. Maskini binti wa watu, anahukumiwa kwa maneno yaliyopikwa yeye hayupo. Hasira ya ubishi ikaniishia, nikabaki na huzuni yake tu.

Mama naye bado hajaniambia daktari alisema nini kuhusu jicho la kushoto. Kila nikipiga simu anauliza habari za mtoto.