Mjusi wangu wa Lindi alivyoanguka kifudifudi kabla hajasimama

Jamani naandika hii maana kila wiki kuna mtu ananifuata karakana, "fundi, ule mjusi pale bustanini ulifanyaje mpaka hautikisiki?" Nimechoka kurudia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea tu, mageti na madirisha. Ila tangu mdogo nasikia mjusi wa Tendaguru, mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria wa kale, Wajerumani walichimba mifupa yake hapo kwetu Lindi, kilima cha Tendaguru, 1909 mpaka 1913, wazee wetu wakaibeba kichwani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, leo kasimama Berlin mita 13 na ushee na sisi hapa hatuna hata mkia. Nikasema basi nitatengeneza wangu wa vyuma chakavu, mita nne zinatosha. Kibali nilipata (nilizungushwa mara ngapi msiniulize), nikapewa kona ya bustani karibu na bahari.

Wa kwanza nilimfanya kama mjusi kafiri mkubwa, miguu ya nyuma mirefu, ya mbele mifupi. Shingo nondo za milimita 16, nikaivalisha cheni za pikipiki, imependeza kweli, nikaweka stetasi. Fundi mwenzangu mmoja, mkubwa kwangu, akasema msingi futi moja unatosha, chuma kizito kitaenda wapi. Usiku wa tatu likapiga kusi. Alfajiri napigiwa simu, "mjomba, mdudu wako kalala." Nafika namkuta kifudifudi, pua imezama mchangani, makalio juu, mbuzi wawili wamejipumzisha kwenye kivuli cha tumbo lake, na vijana wa bodaboda wanacheka eti anaokota korosho. Nilitamani kurudi nyumbani bila kuonekana.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja mstaafu. Akanionyesha picha kwenye simu, yule mnyama miguu ya MBELE ndo mirefu, mgongo unateremkia nyuma kama wa twiga. Kumbe mimi nilijenga mteremko wa kuangukia! Shingo yote inavuta mbele na mbele ndo kufupi.

Sasa ujanja wangu. Mara ya pili miguu niliizamisha futi tatu, hilo kila mtu anajua, lakini mkia nikautengeneza kwa vipande vya bomba, kinene kinafuatwa na chembamba, halafu nikaujaza zege mpaka nchani. Kwanza unavuta nyuma, unabalansi shingo. Pili, na hapa naomba nijisifu, wezi wa skrepa. Walishaning'olea springi mbili za gari mbavuni, mchana kweupe nadhani. Ila bomba lenye zege utampelekea mnunuzi gani? Mmoja alijaribu, nilikuta alama ya msumeno imezama kidogo tu, akakutana na zege akaenda zake. Sijaiziba makusudi, ipo upande wa bahari, nendeni mkaione.

Na wale wa "piga rangi ya mafuta tu inatosha", njooni muone geti langu mwenyewe lilivyovimba malengelenge. Pwani hii chumvi inatua kwenye chuma hata huioni, sugua kwa brashi ya waya, osha kwa maji baridi ya bomba, kikauke, redoksaidi (ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mara mbili ndo upake rangi.

Gharama kama laki nane, tisa. Mke wangu anasema milioni na nusu, na daftari analo yeye.

Kuna walionishauri nizungushie seng'enge watoto wasimguse. Sikuweka, wanateleza mkiani kutwa nzima. Tatizo lilikuwa saa saba mchana, rangi ya kijani kibichi imewaka jua kama kikaango cha chapati, mtoto mmoja akaruka analia kashika makalio. Nikaupaka mkia mweupe, angalau unakalika.

Siku ya kumaliza nimesimama pale najitazamia kazi yangu, bibi anayeuza mihogo ya kukaanga akaniita, "mwanangu, mbona huyu hujamtia macho?" Kweli bwana! Miezi mitatu namtengeneza, macho nimesahau. Nikamchomelea beringi mbili za lori, ndani zinazunguka, na sasa watoto wanapanda shingoni kuzizungusha mpaka zinalia kwiii, nimeshaombwa na bibi huyohuyo nikazitie grisi.