Nyumba ya mawe, chumvi na namba 75

Kama unakaa Mji Mkongwe, hasa vyumba vya chini, harufu ninayotaka kuizungumzia unaijua. Unafungua kabati, nguo zimefuliwa na zimepigwa pasi, lakini zinanuka uvundo. Viatu vya ngozi vimeota ukungu. Kitabu kilichokaa rafuni tangu Ramadhani, jalada limejikunja. Wengi wetu tunayachukulia haya kuwa mambo ya masika, yakija tunayavumilia, yakiondoka tunayasahau. Mimi sikuweza kuvumilia kwa sababu ya sanduku la marehemu babu. Mna misahafu ya zamani, barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na madaftari yake ya hesabu za karafuu. Karatasi zile zikioza hakuna pa kuzipata tena.

Ndugu yangu anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo nilimwagiza aniletee vipima joto na unyevu vya Xiaomi, vile vidogo vya mraba vyenye kioo, namba yake ya kiwandani LYWSD03MMC. Kimoja kinaenea kiganjani, kinatumia betri moja ya duara aina ya CR2032, na kinatuma vipimo vyake kwa Bluetooth bila waya wowote. Nikavipangia kazi: kimoja stoo ya chini, kimoja ukumbini, kimoja nyuma ya kabati la Bi Mkubwa, kimoja kwenye zile karatasi, na kimoja nje uani, kivulini, mahali ambapo jua na mvua havikifikii. Hicho cha nje wengi hawakinunui, na bila chenyewe vile vya ndani havikusaidii nusu ya inavyopasa. Sababu yake nitaieleza.

Kabla ya kuvitundika nilivipima vyenyewe. Vihisi vya bei hii hutofautiana, kimoja kikisoma juu na mwenzake chini, na ukitaka kulinganisha chumba na chumba lazima uzijue tofauti hizo mapema. Vifaa vya kupimia viko jikoni. Chukua kizibo cha chupa ya soda, tia chumvi laini ya pakiti, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi yote ilowe lakini chembe zake bado zionekane. Maji yakielea juu, umezidisha. Weka kizibo ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana, panga vihisi pembeni visiguse chumvi, funga, na uache mpaka kesho mahali pasipopigwa jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa namna hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, na kwa joto la kwetu, nyuzi 20 mpaka 30, namba hiyo karibu haitikisiki. Vihisi vyangu vingi vilisoma 74 au 76. Kimoja kiling'ang'ania 79, nikakiandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: toa 4. Usitumie chumvi ya mawe ya kuanika. Hiyo bado ina chumvi nyingine za bahari, zikiwemo za magnesiamu, nazo huishusha namba.

Kazi ngumu ilikuwa kuta. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unafika unene wa nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Bluetooth haiwezi ukuta kama huo. Ukisimama na simu ndani ya stoo unasoma kila kitu, ukitoka mlangoni na kukata kona hupati kitu. Kwa hiyo nimeweka bodi ndogo za ESP32, vijikompyuta vyenye Bluetooth na Wi-Fi, kila moja imechomekwa kwenye chaja ya kawaida ya simu, moja ukumbini ikitazamana na mlango wa stoo, nyingine juu ya ngazi. Zina programu ya ESPHome, na kazi yake ni kusikiliza Bluetooth na kuyapeleka yaliyosikika kwa Wi-Fi ya nyumbani. Yote yanaishia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, ambayo inaweka kumbukumbu na kuchora mistari ya siku na ya mwezi.

Vihisi vyenyewe nilivibadilisha programu, kazi inayofanyika kwa kivinjari cha Chrome cha simu ya Android bila kufungua hata skrubu moja. Programu ya asili inakutaka upitie akaunti ya kampuni. Ile mbadala, iliyoanzishwa na mtu anayejiita atc1441 na kuendelezwa na mwengine anayejiita pvvx, inatangaza vipimo wazi kwa mtindo wa BTHome, lugha ya pamoja ya vihisi vya Bluetooth, na Home Assistant inavitambua yenyewe. Intaneti ikikatika vipimo vinaendelea kama kawaida. Umeme ndio wa kuhofia, kwani ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi inaweza kuharibika na historia yote ikapotea. Yangu inatumia diski ya SSD na ina betri ya akiba, na hapo ningemshauri yeyote asibane matumizi.

Asiyetaka shughuli zote hizi kuna seti zinazotumia masafa ya redio ya megahezi 433, kioo kimoja cha mezani na vihisi vyake vya mbali. Masafa hayo yanapenya mawe vizuri kuliko Bluetooth, wala hayahitaji Wi-Fi. Ila nyingi zinakuonyesha namba ya sasa tu, na mimi nilichokuwa nakitafuta kimo kwenye historia.

Sasa nirudi kwenye 75. Chumvi ya kawaida ikiwa kwenye hewa yenye unyevu chini ya 75 inabaki kavu. Hewa ikivuka hapo, chumvi inaanza kuvuta maji hewani mpaka inayeyuka. Ndiyo maana masika chumvi inaloa kibakulini na watu wanaichanganya na punje za mchele. Na kuta za nyumba hizi zimejaa chumvi: mawe yake ni ya matumbawe, bahari iko hatua chache, na maji ya ardhini yanayopanda ukutani yanapanda na chumvi yao. Ule unga mweupe unaoisukuma rangi mpaka ikabambuka, huo nao una chumvi. Ina maana ukuta unaweza kuloa bila tone la mvua kuingia wala bomba kuvuja. Mafundi bomba wamekuwa wakiitwa nyumba hii tangu enzi za marehemu baba, wanachimba, wanatazama, hawaoni kitu. Niliposoma mstari wa stoo wa miezi kadhaa, jibu lilikuwa wazi: unyevu unakaa juu ya 80 usiku na mchana, na ukuta haukauki. Unyevu ukishuka chini ya 75 kwa siku chache mfululizo, weusi wa chini ya ukuta unafifia na ile chumvi inarudi kuwa unga mkavu. Ukipanda tena, ukuta unaloa tena. Basi kazi ya nyumba hii imekuwa ni kuuweka unyevu chini ya 75 kila inapowezekana.

Hapo ndipo kihisi cha nje kinapoingia. Asilimia peke yake inapotosha. Siku moja ya kawaida, alfajiri, kihisi cha uani kilisoma nyuzi 25 na unyevu asilimia 92. Saa nane mchana kikasoma nyuzi 31 na asilimia 66. Mtu akiziona namba hizi atafunga madirisha asubuhi na kuyafungua mchana, na ndivyo tulivyolelewa, kwamba hewa ya alfajiri ina umande, itaingiza maji ndani. Lakini piga hesabu ya maji yenyewe yaliyomo hewani. Alfajiri ile, kila mita moja ya ujazo ilikuwa na gramu 21 na kidogo. Mchana, gramu 21 na kidogo vilevile. Hewa haikukauka hata chembe, ilipata joto tu, na hewa ya joto ina nafasi ya kubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo asilimia ikashuka. Stoo siku hiyo ilikuwa na nyuzi 27 na asilimia 88, ambayo ni karibu gramu 23. Yaani hewa ya nje ilikuwa kavu kuliko ya stoo asubuhi na mchana pia. Ile ya alfajiri yenye asilimia 92 ya kutisha, ikiingia stoo na kupata joto la mle, inashuka mpaka kama 82. Dirisha lililokuwa likifungwa kila alfajiri lilikuwa linaufungia ndani unyevu wa ukuta.

Siku nyingine hesabu inageuka. Masika, mvua ikitoka tu kunyesha, nje nyuzi 26 na asilimia 95, hiyo imeshapita gramu 23, na kufungua dirisha ni kuongeza maji. Home Assistant inapiga hesabu hizi yenyewe, ukishaiandikia mara moja kanuni ya Magnus, ile inayokokotoa maji ambayo hewa inaweza kubeba kwa kila joto, na mimi nimeiwekea sharti jepesi: nje ikiwa na maji pungufu ya stoo kwa gramu moja au zaidi, simu yangu inapata ujumbe wa kufungua. Tofauti ikiisha, ujumbe wa kufunga. Nikiwa kazini nampigia Bi Mkubwa. Mwanzo alikuwa akisema, "Mwanangu, asubuhi hii yote dirisha wazi, nyumba itajaa umande." Sasa anafungua bila kuuliza, na si namba zilizomshawishi, ni kanga zake.

Kanga hizo zilikuwa kwenye kabati la mbao lililoegemea ukuta wa chumba cha dada. Kila zikinuka Bi Mkubwa alizitia udi, chetezo chini, nguo juu, na harufu ikawa nzuri kwa siku chache. Udi unapendeza, lakini haukaushi kabati. Kile kihisi nilikitundika kwa uzi nyuma yake, katikati ya mbao na ukuta, na usiku mmoja nikalinganisha. Katikati ya chumba: nyuzi 28, asilimia 78. Nyuma ya kabati, hewa ileile, hatua mbili tu: nyuzi 24 na nusu, asilimia 96. Ukuta ule si wa mawe, ni wa tofali nyembamba, ulijengwa baadaye kugawa chumba, na upande wa pili kiyoyozi cha dada kinakesha kwenye 20. Ubaridi unapita, hewa ya chumba cha Bi Mkubwa ikigusa pale inakaribia kabisa kugeuka maji, na kwa kuwa kabati limebana ukuta hakuna upepo wa kuikausha. Tulipolisogeza, mgongo wake wote ulikuwa na ukungu wa kijivu, umechora duara palepale kiyoyozi kinapopuliza upande wa pili.

Tulilifuta kwa siki, tukaliacha wazi mpaka likauke, na sasa linasimama shubiri moja na ushei kutoka ukutani. Dada amekubali kupandisha kiyoyozi mpaka 26 na kuwasha feni, na anasema uniti za umeme zinakaa zaidi. Nyuma ya kabati sasa kunacheza themanini na kitu usiku na kunashuka mchana. Si kukavu, lakini mbao haziloi tena, na kanga hazinuki. Kama una kiyoyozi, anza kwa kutafuta kuta zinazopakana nacho kabla hujatundika kihisi ukumbini panapopendeza.

Karatasi za babu hazingengojea ukuta ukauke. Nimezihamisha ghorofa ya juu, kwenye mkebe mkubwa wa plastiki wenye mpira wa kuzuia hewa, pamoja na mifuko ya silika jeli ya rangi, ile inayobadilika ikishashiba maji. Kihisi kimo ndani, na plastiki haiizuii Bluetooth. Kinasoma kati ya 50 na 55. Kikianza kupanda kuelekea 60 naitoa silika, naikausha kwenye oveni kwa moto mdogo, inapoa, inarudi. Sanduku lenyewe la mbao limebaki tupu chumbani, limeinuliwa juu ya vipande vya mti lisiguse sakafu.

Kilichobaki ni plasta ya saruji ya stoo. Ukuta wa chokaa unatoa maji yake polepole kupitia usoni. Ukipakwa saruji maji hayapati pa kutokea, yanapanda juu zaidi mpaka yapate njia, na ndiyo maana alama ya unyevu imekuwa ikipanda, kama anavyokumbuka kila niliyemuuliza. Fundi wa chokaa, mzee wa mtaani kwetu, amekuja akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza palipo na uwazi, akasema ibanduliwe yote mpaka kiunoni. Tumekubaliana aianze kaskazi ikishika, ili mawe yapate upepo mkavu wiki nyingi kabla ya kupakwa chokaa mpya. Kihisi cha stoo kitabaki palepale kilipo, msumari uleule, ili mistari ya masika ijayo niweze kuilinganisha na ya mwaka huu.