Tundu la 1969

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na wateja wake wengi walilipa kwa hela ndogondogo. Jioni, akishamaliza kushona, alivua miwani, akaifunika mashine kwa kitambaa, kisha akanimiminia mezani kopo zima la chenji. Mimi siku yangu ilianza hapo. Nilizipanga sarafu kwa ukubwa, nikazigeuza zote upande wenye mwaka, nikazipitia moja moja chini ya taa. Niliyoihitaji niliichukua, na palepale nikarudisha nyingine ya thamani ileile kutoka mfukoni mwangu. Kopo halikupungua hata senti.

Nilikuwa na miaka 13, na masharti yangu yalikuwa matatu. Kurudisha thamani ileile lilikuwa la kwanza. La pili, kutonunua sarafu kwa ajili ya mkusanyiko. La tatu, ambalo ndilo lililonitesa, kutomwomba mtu yeyote anitafutie mwaka fulani. Nilitaka sarafu ije yenyewe. Mwenye pesa anaweza kwenda kwa muuza sarafu akarudi na miaka yote kwa siku moja, na mkusanyiko wake ukawa mzuri kuliko wangu. Lakini zangu nilijua zimepita wapi. Hii ililetwa na mtu aliyekuja kubadilishiwa zipu, ile na aliyepunguziwa pindo la suruali. Kabla ya hao zilipita kwa wengine wasiohesabika, na kila mmoja alisugua kidogo shavu la yule aliyechorwa juu yake.

Nilikusanya aina moja tu, sarafu ndogo kabisa ya shaba, miaka 20 mfululizo. Niliitengenezea ubao kwa kadibodi ya boksi la shati: matundu 20, na chini ya kila tundu mwaka wake kwa kalamu. Matundu niliyakata kwa mkasi wa shangazi wa vitambaa. Fundi yeyote atakwambia hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa karatasi hufanya mkasi uwe butu, na mkasi butu haukati kitambaa bali hukitafuna. Nilikemewa, nikatumwa kwa mnoa visu, na ubao ukatundikwa ukutani mbele ya cherehani, mahali pekee palipokuwa na msumari.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ubao wa namna hiyo ulikuwa umebadilisha historia ya ukusanyaji wenyewe. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, J.K. Post wa mji wa Neenah, Wisconsin, alitoa ubao wa kadibodi wenye matundu ya senti, kila tundu na mwaka wake. Kampuni ya Whitman ikauchukua na kuueneza, na watu wasio na fedha za kuchezea wakajikuta wanakagua chenji yao kila jioni. Naelewa kabisa kwa nini. Sarafu zikiwa ndani ya kopo huwezi kuona kinachokosekana, bali unaona ulichonacho. Ukizipanga kwenye ubao, pengo linapata jina.

Pengo langu lilikuwa 1969.

Mengine yote yalijaa ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mwanzoni kila jioni ilikuwa na kitu, baadaye kila wiki, kisha kikaja kipindi kirefu cha kurudisha kopo kama lilivyokuja. Kwenye katalogi ya maktaba nilisoma kwamba mwaka ule zilitengenezwa chache mno ukilinganisha na miaka ya jirani. Kila mwenye kukusanya chenji hukutana na ukuta wa aina hii. Waingereza wanao wao: sarafu ya pensi 50 ya mwaka 2009 yenye mchoro wa bustani ya Kew, ambayo zilitoka 210,000 tu, idadi ndogo sana kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Wamarekani wanayo senti ya Lincoln ya mwaka 1909 kutoka San Francisco, yenye herufi V.D.B. za mchoraji wake, Victor David Brenner. Hizo zilikuwa 484,000.

Uchache wenyewe ni nusu tu ya shida. Nusu ya pili ni kwamba sarafu adimu haikai kwenye mzunguko. Ikishajulikana, kila anayeiona huificha. Nchini Marekani senti 10 na robo dola zilikuwa na asilimia 90 ya madini ya fedha hadi zile zenye tarehe ya 1964. Zilipotoka mpya za shaba na nikeli, watu walizichuja zile za zamani, na baada ya miaka michache kuipata moja kwenye chenji ikawa bahati. Thamani usoni ileile, kazi ileile, lakini nzuri huondoka na hafifu hubaki. Wachumi huiita kanuni ya Gresham. Mimi niliijua kabla ya kulijua jina lake, kwa sababu nami nilikuwa mmoja wa wanaochuja.

Basi nilisubiri. Sikumwambia mtu kwamba natafuta 1969. Lakini ubao ulikuwa ukutani, na lile tundu moja jeusi lilimtazama shangazi kutwa nzima huku mguu wake ukikanyaga mashine.

Jioni ninayoikumbuka alimaliza kushona mapema. Alifunika cherehani, akaleta kopo, akalimimina. Miwani hakuivua. Niliona hilo, ila sikulipa uzito.

"Leo anza na za shaba," akasema.

Hajawahi kunipangia pa kuanzia. Hata hivyo nilizitenga za shaba, zilikuwa kama 12, na sikuhitaji kuzigeuza. Kumi na moja zilikuwa na rangi ya kahawa. Moja ilikuwa nyekundu.

Niliishika kwa ukingo, nikaisogeza kwenye taa. Mwaka 1969. Herufi zote kali, nywele zote juu ya sikio zimesimama moja moja. Nilipoiinamisha kidogo, mwanga ulizunguka usoni mwake kama spoki za gurudumu la baiskeli.

Mng'aro huo hauna mfano wake. Sarafu inapopigwa chapa, shinikizo hulazimisha metali itiririke kutoka katikati kwenda pembeni, ikijaza mchoro wa muhuri, na mtiririko huo huacha mistari myembamba ambayo jicho haliwezi kuiona. Mistari ndiyo inayozungusha mwanga. Ni kitu cha kwanza kufa. Vidole vichache, siku chache ndani ya mfuko pamoja na funguo, na juu ya shavu mistari imeshakatika. Hakuna dawa ya kuirudisha. Ukisugua sarafu kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia utapata kung'aa kwingine, kung'aa kwa sufuria, na mwenye kujua ataona mara moja kwamba umeiharibu. Shaba nayo haisubiri ruhusa: jasho na hewa huigeuza kahawia, na kahawia haigeuki nyekundu tena.

Haikuwezekana sarafu ya umri ule, zaidi ya miaka 15, iwe imetoka mkononi mwa mteja ikiwa na sura hiyo. Ilikuwa imelala mahali pakavu, ndani ya bahasha, tangu ilipotoka kiwandani.

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilisema nilichokijua.

"Shangazi, hii haijawahi kukaa mfukoni mwa mtu."

Aliinua macho. "Unajuaje?"

Nikamweleza. Nikamweleza kuhusu mistari, kuhusu shavu, kuhusu shaba na jasho. Nikachukua nyingine ya kahawia, nikaziweka bega kwa bega chini ya taa ili aone mwenyewe. Niliongea kwa uhodari wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza anaulizwa jambo analolimudu, na nilikuwa nimefika mbali ndipo nikauona uso wake. Hakukasirika. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kama anavyomsikiliza mteja anayemweleza kasoro ya nguo ambayo yeye ameishona kwa usiku mzima.

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Mwishowe alivua miwani, akaikunja.

"Basi," akasema, "kama haijakaa mfukoni, iweke mfukoni."

Akaenda kupika.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake, nikitafuta sindano kwenye droo ya cherehani, nikakuta kibahasha cha karatasi kinachotosha sarafu moja, juu yake 1969 kwa penseli, kwa mwandiko usio wake. Ndani alikuwa ameshatia vishikizo viwili vya shati la mtu. Alikuwa amekwenda kwa muuza sarafu, akauliza, akalipa, akairudisha nyumbani na kuichanganya na chenji yake ili masharti yangu yasivunjike. Alichokosa kujua ni kitu kimoja tu, na mimi nilikuwa nimemfundisha kitu hicho usoni mwake. Nilikirudisha kibahasha kama nilivyokikuta.

Nikaiweka sarafu mfukoni.

Niliibeba miezi saba. Mfuko wa kulia wa suruali, pamoja na ufunguo na senti nyingine, shuleni, uwanjani, sokoni. Kila nilipolipa kitu nilizichambua kwanza kiganjani, nisije nikaitoa kwa bahati mbaya. Na kila Jumapili niliitazama kwa lenzi. Natamani kila mkusanyaji aitazame sarafu moja hivyo angalau mara moja maishani, kwa sababu vitabu hutuonyesha sarafu ikiwa imeshachakaa, havituonyeshi ikichakaa. Wiki ya kwanza mng'aro ulitoka juu ya shavu na sehemu za juu za nywele, ukabaki mabondeni, kuzunguka herufi. Wiki ya tatu wekundu ulianza kufifia ukingoni, ukawa na madoa ya zambarau na manjano ya vidole, mabaya kuyatazama. Nikadhani nimeiua. Kufikia mwezi wa tatu madoa yalikutana yakawa rangi moja, kahawia nyepesi. Mwezi wa tano ilikuwa na mikwaruzo midogo kila upande, na kwenye nywele juu ya sikio nyuzi mbili zilikuwa zimeungana kuwa moja.

Kwa soko la sarafu nilikuwa nafanya uharibifu. Wanaopima hali ya sarafu hutumia kipimo kilichotungwa na William Sheldon, Mmarekani, mwaka 1949, kinachoanzia 1 na kuishia 70, na kuanzia 60 kwenda juu ndipo zilipo zile ambazo hazijatumika kamwe. Ukivuka mstari huo kwenda chini, bei huanguka. Mimi niliivusha sarafu adimu mstari huo kwa makusudi, kwa mkono wangu, na naamini mpaka leo kwamba nilifanya sawa. Sikuhitaji 1969 iliyo bora. Nilihitaji 1969 inayofanana na ndugu zake 19 ukutani.

Shangazi hakuuliza ilipo. Mara moja moja, nikipita na mfuko ukilia, aliinua kichwa.

Mwezi wa saba, asubuhi kabla ya shule, niliitoa nikaidondosha ndani ya kopo lake la chenji. Nilijua ninachohatarisha. Mteja wa kwanza anayedai chenji angeweza kuondoka nayo, na shangazi asingetambua, kwa kuwa sasa ilikuwa kama nyingine zote. Nilijiambia ikienda imekwenda, ndivyo chenji ilivyo. Lakini darasani siku ile sikusikia kitu, na niliporudi nyumbani nilirudi mbio.

Jioni alifunika cherehani, akaleta kopo, akalimimina. Miwani alikuwa nayo machoni.

Za shaba zilikuwa nane, kahawia zote. Niligeuza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya sita ilikuwa yenyewe. Niliijua kwa zile nyuzi mbili zilizoungana kabla hata ya kusoma mwaka.

"Ipo," nikasema.

Hakuuliza nini ipo. Nikauteremsha ubao, nikaibonyeza sarafu tunduni. Iliingia kwa shida, kwa kuwa tundu lile halikuwahi kuguswa na kadibodi yake ilikuwa bado ngumu. Niliishindilia kwa kidole gumba hadi ikakaa sawa na nyingine, nikautundika ubao kwenye msumari wake. Shangazi aliutazama kwa muda, kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho.

Kisha akagonga meza kwa subana, mara mbili.

"Na yangu?"

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa sarafu ndogo ya shaba, nikaitumbukiza kwenye kopo.